Wanaotetea Jani, Wanaouza Vidonge

Mwishoni mwa Agosti 2016, DEA, shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya, lilitangaza kwamba linakusudia kuviingiza viambata viwili vya kratomu, jani la mti wa Asia ya Kusini Mashariki, katika Daraja la Kwanza la sheria ya dawa, chumba kimoja na heroini. Ilikuwa hatua ya dharura, kwa hiyo hakukuwa na kukusanya maoni wala kikao cha kusikilizana. Marufuku ingeweza kuanza tarehe 30 Septemba, siku ya Ijumaa. Yaani mtu alale Alhamisi na mfuko wake wa unga wa kijani kabatini, aamke mhalifu.

Kilichofuata hakikutarajiwa na yeyote aliyezoea siasa za dawa za Washington. Ombi lililowekwa kwenye tovuti ya Ikulu likapata saini zaidi ya 140,000. Tarehe 13 Septemba watu wakakusanyika nje ya Ikulu na mabango. Wabunge 51 wa Baraza la Wawakilishi, kutoka vyama vyote viwili, wakaandika barua kwa DEA. Katikati ya Oktoba shirika likaliondoa tangazo lake, likaomba maoni ya umma hadi tarehe 1 Desemba, na maoni zaidi ya 23,000 yakaingia. Wengi walioandika walikuwa askari wastaafu, watu wenye maumivu sugu ya mgongo au viungo, na watu waliosema waliacha vidonge vya opioidi, yaani dawa za maumivu za jamii ya mofini, kwa msaada wa jani hili.

Watetezi wa kratomu husimulia kisa hiki kama tenzi: wanyonge waliinuka, serikali ikanywea. Mimi naona tenzi hilo limekatwa katikati. Barua ya wabunge haikusema kratomu ni salama. Iliomba muda, na nafasi ya umma kusema neno kabla ya uamuzi. DEA nayo, ilipogeuza uamuzi, haikutamka kwamba ilikosea kuhusu mmea. Ilifungua dirisha la maoni na kungoja uchambuzi wa kisayansi kutoka FDA, mamlaka ya chakula na dawa. Ushindi wa 2016 ulikuwa ushindi wa utaratibu. Watu walidai wasikilizwe, wakasikilizwa. Anayetaka kujiunga na utetezi huu leo aanzie hapo, maana miaka iliyofuata imeonyesha kwamba kusikilizwa ndilo jambo rahisi. Kazi ngumu ni kujua nani hasa anayeongea kwa kinywa chako.

Kwanza jani lenyewe. Kratomu ni mti wa familia moja na mti wa kahawa, unaoota Thailand, Malaysia, Indonesia na nchi za jirani. Kusini mwa Thailand, mkulima au mgema wa utomvu wa mpira huchuma majani mabichi machache, huchuna mshipa wa katikati, hutafuna na chumvi kidogo, kisha huingia kazini. Kwa kiasi kidogo humchangamsha. Kiasi kikizidi humtuliza na kupunguza maumivu, kwa sababu alkaloidi yake kuu, yaani kemikali ya mmea inayoitwa mitraginini, hugusa vipokezi vilevile vya mwilini vinavyoguswa na mofini, ingawa si kwa namna ileile. Jani likisafirishwa Marekani huwa limekaushwa na kusagwa, na sehemu kubwa hutoka Kalimantan Magharibi nchini Indonesia, hasa wilaya ya Kapuas Hulu, ambako maelfu ya familia huishi kwa mti huo. Huko Marekani huuzwa kama unga, vidonge vya unga, na chupa ndogo za maji yaliyokolezwa zinazopangwa karibu na mashine ya kulipia kwenye vituo vya mafuta. Ukitaka kuelewa mgogoro wote huu, usiondoe macho kwenye hizo chupa ndogo.

Thailand ilipiga marufuku kratomu mwaka 1943. Sababu inayotajwa zaidi haina uhusiano na afya: serikali ilikusanya kodi kwenye afyuni, na watumiaji walipohamia jani la bure linaloota uani, hazina ikapwaya. Mwaka 1979 mti ukaingizwa katika sheria ya mihadarati. Haukutoka hadi Agosti 2021, miaka 78 baada ya marufuku ya kwanza, na takriban watu 12,000 waliokuwa na kesi za kratomu wakaguswa na uamuzi huo. Lakini kinachonivutia zaidi ni kilichotokea kabla. Katika kata ya Nam Phu, mkoa wa Surat Thani, wanakijiji walikubaliana kuhesabu miti yao, kuisajili, na kujiwekea kanuni za nani atumie na vipi. Serikali ilipotafuta mahali pa kujaribia matumizi halali, ilikuta pana daftari. Na sheria kamili ilipokuja mwaka 2022 haikuacha mlango wazi: ni marufuku kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18, mjamzito au anayenyonyesha. Wale wanaotaja Thailand kama ushahidi kwamba kratomu iliachiwa huru wangesoma sheria hiyo kwanza.

Marekani haikuwa na Nam Phu. Ilikuwa na soko.

American Kratom Association ilianzishwa mwaka 2014 na Susan Ash, mtumiaji mwenyewe, na ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya vita vya 2016. Baadaye ikaja na muswada wa mfano wa kumlinda mtumiaji, ambao mabunge ya majimbo yameupitisha moja baada ya jingine. Utah ilitangulia mwaka 2019, zikafuata Georgia, Arizona na Nevada mwaka huohuo. (Si ajabu kwamba ilianza Utah: jimbo hilo ni nyumbani kwa biashara ya virutubisho, na seneta wake Orrin Hatch alikuwa miongoni mwa waliopinga hatua ya DEA.) Muswada unakataza kuuzia watoto, unadai lebo inayosema kilichomo, unakataza kuchanganya jani na vitu hatari, na unaweka kikomo kwa alkaloidi ya pili, 7-hydroksimitraginini, ambayo sokoni huitwa 7-OH tu.

Ni sheria nzuri kuliko kukosa sheria. Nasema hivyo bila kusita, kwa sababu nakumbuka mwaka 2018, pale bakteria wa salmonela walipopatikana ndani ya bidhaa za kratomu na watu 199 wakaugua katika majimbo 41. Mwaka huohuo FDA ilitoa amri yake ya kwanza kabisa ya kumlazimisha mfanyabiashara kurudisha bidhaa, na bidhaa yenyewe ilikuwa kratomu. Unga usio na namba ya bechi hauwezi kurudishwa. Hujui uanzie wapi. Mtetezi anayedhani lebo ni usumbufu wa serikali hajawahi kuwaza mtu anayehara damu kwa sababu ya unga alioununua ili apumzike na maumivu.

Lakini soma kifungu cha 7-OH kwa makini. Katika muswada wa mfano, 7-OH isizidi asilimia 2 ya alkaloidi zote zilizomo. Masikioni kinatosha. Tatizo ni kwamba asilimia haina kipimo cha mwisho. Kijiko cha unga wa jani chenye miligramu 50 za alkaloidi kinaruhusiwa miligramu 1 ya 7-OH. Chupa iliyokolezwa hadi miligramu 500 inaruhusiwa 10. Uwiano ni uleule, sheria imetimizwa, na mwili umepokea mara kumi. Anayetaka kumlinda mtumiaji angeandika kiasi kwa dozi na kiasi kwa chupa, tena kwa alkaloidi zote mbili. Anayetaka kuuza chupa zilizokolezwa angeridhika na asilimia. Simshutumu aliyeandika kwamba alifanya hila. Nasema kifungu hicho ni mahali ambapo masilahi ya mnunuzi na ya muuzaji yaliachana njia, na watu wa kawaida waliokuja kutoa ushuhuda hawakuambiwa.

Utetezi wa kratomu Marekani hulipiwa kwa kiasi kikubwa na wauzaji. Hilo si siri wala si kosa. Mkono mtupu haulambwi, na kumweka mshawishi wa kudumu kwenye jengo la bunge la jimbo ni gharama ambayo mgonjwa wa mgongo hawezi kuibeba. Shida huja pale muuzaji anapokaa nyuma na kumtanguliza mgonjwa mbele. Mbunge husikia askari mstaafu akieleza jinsi alivyotupa vidonge vyake vya oksikodoni, macho yakamlenga machozi, halafu hupitisha kifungu ambacho askari yule hakukisoma.

Mgawanyiko huo uliokuwa umefichika ulilipuka miaka ya karibuni. Katika jani bichi 7-OH karibu haipo. Hujitokeza kidogo jani likikauka, na nyingine hutengenezwa na ini baada ya mtu kumeza mitraginini. Viwanda vikajifunza kuizalisha kwa kemia, vikaitia kwenye vidonge vya kutafuna na kuviuza kwa jina la kratomu. Katika majaribio ya wanyama wa maabara, 7-OH huonekana kuwa na nguvu kuliko mofini. Julai 2025 FDA ilipendekeza 7-OH iliyokolezwa iingizwe katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa, ikaeleza kwamba hatua hiyo hailengi bidhaa za jani la asili. Mwezi uliofuata Florida ikaipiga marufuku kwa dharura. Watetezi wakagawanyika waziwazi: wa jani wakaipongeza serikali ileile waliyopigana nayo kwa miaka, wa vidonge wakaanza kuzungumza lugha ileile ya 2016, ya haki ya mgonjwa na ya serikali isiyosikia.

Msimamo wangu: wa jani wako sahihi, ila wamechelewa. Miaka yote ambayo chupa zilizokolezwa zilikaa kwenye rafu moja na unga, wengi wao hawakusema kitu, kwa kuwa waliozitengeneza walikuwa wachangiaji. Kikulacho ki nguoni mwako. Na gharama ya ukimya huo inalipwa sasa na jani, kwa sababu mwanasiasa aliyeona picha ya kijana aliyekufa hatenganishi mmea na kidonge. Louisiana haikutenganisha: kuanzia tarehe 1 Agosti 2025 kratomu yote, jani kwa kidonge, ni haramu humo. Imejiunga na Alabama, Arkansas, Indiana, Vermont na Wisconsin.

Sasa kuhusu ushahidi, ambapo watetezi wengi hujikwaa. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilipitia vifo 27,338 vya kuzidisha dawa kati ya Julai 2016 na Desemba 2017. Kratomu ilipatikana mwilini katika vifo 152, na katika 91 ilitajwa kuwa sababu, karibu vyote pamoja na dawa nyingine kama fentanili. Mtetezi mwerevu huzinukuu takwimu hizo zote, na zile zinazomuuma. Mtetezi mvivu husema "kratomu haijawahi kuua mtu", na siku mwakilishi wa idara ya afya atakapofungua faili la uchunguzi wa maiti mbele ya kamati, kila alichosema kabla kitakuwa kimefutika. Uraibu upo. Arosto ipo, ingawa wengi huieleza kuwa nyepesi kuliko ya heroini. Ini la baadhi ya watu limeumia. Funika kombe mwanaharamu apite haifanyi kazi pale ambapo mwanaharamu ana cheti cha daktari.

Upande wa pili nao una la kujibu. Mwaka 2018 FDA, ikiongozwa na Scott Gottlieb, ilitangaza kwamba viambata vya kratomu ni opioidi, ikitegemea pamoja na mengine modeli ya kompyuta, na ikataja vifo 44 ambavyo vingi vilikuwa na dawa nyingine ndani yake. Agosti mwaka huohuo Brett Giroir, waziri msaidizi wa afya, aliandika barua ya kuliondoa pendekezo la wizara yake la kupiga marufuku viambata hivyo, kwa hoja kwamba sayansi iliyopo haitoshi. Barua hiyo haikujulikana kwa umma hadi Januari 2021. Zaidi ya miaka miwili wananchi waliendelea kuonywa kana kwamba wizara haijabadili mawazo. Mwishoni mwa 2021 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani nayo iliona hakuna ushahidi wa kutosha kuanzisha mapitio kamili ya kuidhibiti kratomu kimataifa, ikashauri iendelee kuangaliwa. Ukiziweka hizi kando ya tamko la Gottlieb unapata hoja nzito kuliko bango lolote.

Utafiti wa Johns Hopkins uliochapishwa mwaka 2020 uliwauliza watumiaji 2,798. Asilimia 91 walisema wanaitumia kwa maumivu, asilimia 41 kwa ajili ya kuacha au kupunguza opioidi. Namba hizi hupendwa sana na watetezi, nami nazipenda, mradi tusisahau kwamba walioulizwa walijitokeza wenyewe mtandaoni. Aliyedhurika akaacha hakai akingoja dodoso.

Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia asianzie Washington. Hatima ya jani inaamuliwa kwenye kamati za mabunge ya majimbo, na mara nyingine kwenye halmashauri za miji: San Diego na kaunti ya Sarasota zilipiga marufuku ndani ya majimbo ambayo hayakuwa yamefanya hivyo. Chumba huwa kidogo. Kuna meza ya kujiandikisha, kipaza sauti, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Mara nyingi unapewa dakika mbili au tatu. Anayekuja na hotuba ya uhuru wa binadamu huishiwa muda kabla hajafika kwenye muswada. Anayekuja na mfuko wake mwenyewe akauinua na kusema, huu niliununua jana, uoneni, hauna namba ya bechi, hauna miligramu, hauna anuani ya aliyeufunga, nataka sheria inayomlazimisha aandike, huyo mbunge humuuliza swali. Swali ndilo unalolitafuta, kwa sababu muda wa kujibu hauhesabiwi kwenye dakika zako mbili.

Jambo jingine ni mdomo. FDA haijaidhinisha kratomu kutibu chochote, na imekuwa ikiwaandikia barua za onyo wauzaji wanaodai inatibu uraibu wa opioidi. Mtumiaji ana haki ya kusema "mimi ilinisaidia". Akivuka hapo akasema "inatibu", amewapa wapinzani sentensi ya kusoma kwenye kikao kijacho. Kama kuna muuzaji aliyekulipia nauli au aliyekuandikia maelezo, sema mwanzoni kabisa. Wabunge hugundua, na wakigundua wenyewe, mgonjwa wa kweli atakayesimama baada yako ataonekana naye ni wa kukodiwa.

Na uusome muswada. Sizungumzii muhtasari uliotumwa kwa barua pepe na chama, nazungumzia maandishi yenyewe, kurasa chache tu. Tafuta palipoandikwa asilimia, uulize kwa nini si miligramu. Tafuta nani anapima, na nani anamlipa anayepima. Kama ni muuzaji anayechagua maabara na kubaki na cheti droo ya ofisini kwake, hapo mtumiaji hajalindwa, amepambiwa tu. Tafuta adhabu: je, inamwangukia aliyetengeneza, au kijana wa zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta?

Kuna haraka katika haya yote, na sababu yake haisemwi sana. Rhode Island ilipiga marufuku mwaka 2017 na baadaye ikabadili msimamo, lakini hayo ni ya nadra, kwa kuwa marufuku hula mashahidi wake. Anayeishi Shreveport, Louisiana, yuko mwendo mfupi wa gari kutoka Texas, ambako jani linauzwa kihalali chini ya sheria ya 2023. Akinunua mfuko huko na kurudi nao, mfuko uleule unageuka ushahidi wa kosa mara tu gari linapovuka mstari wa jimbo. Kabla ya Agosti 2025 mtu huyu angeweza kwenda Baton Rouge, makao makuu ya jimbo, akajiandikisha mezani, akauinua mfuko wake mbele ya kamati. Sasa, ili awaambie wabunge kwamba sheria yao inamuumiza, itabidi kwanza akiri kosa la jinai kwenye kipaza sauti, jina lake likiwa limeshaandikwa mlangoni.